Mama, Nilimpa Mama Mkwe Sifuri

Mama yangu mpendwa,

Kwanza ucheke. Najua ukisikia kichwa cha barua hii utashika kiuno na kuuliza ni mama mkwe wa nani, maana wangu unamfahamu, na unajua siwezi kupokea kwake hata glasi ya maji bila kuinamisha uso. Si wangu. Ni wa mwanafunzi wangu mmoja, na yeye pia ni mwanafunzi wangu, na nilimkimbiza darasani kwa ujinga wangu mwenyewe. Nataka nikueleze jinsi nilivyomkosea na jinsi nilivyohangaika ili arudi. Katika mambo ya namna hii wewe ndiye ungenichapa kwanza, halafu ndiye ungeniambia la kufanya.

Nyumba yetu ya mtaa wa Katuba bado imesimama. Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, anaishi pale na mumewe, na chumba cha mbele alichokuwa akishonea Baba kimepangishwa kwa kijana anayetengeneza simu. Nikiingia uani bado nakutafuta kwa macho, upande wa jiko, kisha nakumbuka. Inaniuma kidogo, halafu mtoto mmoja wa Yaya Feza ananirukia na maumivu yanapita.

Mtu akiniuliza nilijifunza wapi kuishi na watu wenye desturi tofauti, jibu la kweli ni ua ule. Wewe wa Kilwa yetu ya huku bara, uliyekulia kando ya ziwa ukila samaki wa makobo asubuhi na jioni. Baba, Mwislamu wa Maniema, asiyekanyaga nje bila kofia yake. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ukimpikia futari kabla jua halijazama, wewe mwanakwaya wa kanisa, na ulikataza mtu yeyote kukaanga samaki mchana kwa sababu harufu ingemtesa. Na Krismasi ikikaribia, Baba ndiye aliyeshona sare za kwaya yenu, akilalamika kwamba waimbaji wa Bwana wananenepa kila mwaka na hawamwambii mapema. Hakuna aliyetueleza chochote kuhusu mambo haya. Tuliyaona tu, tukala futari na keki, tukakua.

Tena unakumbuka siku za mwanzo za shemeji Matanda? Yaya Feza ndiyo kwanza ameolewa. Kwa watu wenu wa Kilwa, mama na mume wa binti yake hawatazamani, hawagusani, hawali mahali pamoja, na Matanda alilelewa hivyo hivyo. Alikuwa akifika mlangoni anakohoa mara tatu, na wewe unajitupia kitenge kichwani na kutokea mlango wa jikoni. Siku moja alisahau kukohoa. Ulikuwa unatwanga mihogo ya ugali wa bukari katikati ya ua, ukaruka nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, na Baba, kwa utani wake, akatoka kumsalimu na kumwuliza habari za kazi, za wazazi, za mvua, za bei ya makala, yale makaa ya jikoni, huku akijua kabisa umesimama nyuma ya shuka na mchi mkononi. Alimweka pale hadi miguu yako iliyoonekana chini ya shuka ikaanza kucheza kwa hasira. Sisi watoto tulijiziba midomo kwa mikono.

Na ukiwa na neno la kumwambia, hukumwambia yeye. Ulikigeukia kile kinu na kusema, "Weye kinu, ambia bageni bukari iko tayari." Matanda naye, akiangalia ukuta, alijibu, "Kinu, sema aksanti." Siku ile nilidhani ni mchezo. Leo nafikiri mlikuwa mnapendana sana, wewe na yule kijana, na hiyo ndiyo njia mliyokuwa nayo.

Sasa nisikilize nilivyofanya, mimi niliyeyaona yote hayo.

Chuo kikuu chetu kiliamua kwamba walimu wote tufundishwe jinsi ya kuingiza ndani ya masomo yetu ujuzi wa kuishi na kufanya kazi na watu wa tamaduni nyingine. Wazo zuri, sikatai. Nani ana haja nalo kama sisi, wenye darasa moja lenye mtoto wa mkulima wa Kilwa, binti wa mfanyabiashara Mwislamu, mtoto wa mchimba madini na mama wa watoto sita? Nikachaguliwa mimi niwaongoze wenzangu. Nilisoma majuma mawili kwa intaneti, nikapewa mwongozo mnene na picha za kuonyesha ukutani, nikarudi na kifua mbele. Ungeniona, Mama. Hata mwendo wangu ulibadilika.

Siku ya kwanza niliwaeleza walimu wenzangu jinsi Mjapani anavyoinamisha kichwa akikupa kadi yake. Nilikuwa na ukurasa mzima wa Mjapani. Wakaandika. Mwalimu wa hesabu, mzee mmoja mkaidi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza yeye angeingiza wapi utamaduni katika somo lake. Nikajaribu kumjibu kwa maneno ya mwongozo. Akatikisa kichwa. "Hesabu haina kabila, Prof. Moya na moya ni mbili, kwa Baluba ni mbili, kwa Babemba ni mbili." Watu walicheka na mimi nikakasirika, nikaahidi kwamba kesho yake nitawaonyesha somo la mfano kwa macho yao.

Somo hilo lilikuwa langu mwenyewe, afya ya jamii. Mwanafunzi mmoja anakuwa muuguzi, mwingine mgonjwa, na muuguzi anauliza maswali ya uzazi wa mpango, ya hedhi, ya mambo ya kitandani, yale yote ambayo lazima muuguzi ajue kuyauliza. Mwongozo ulisema changanya watu: mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Basi nikachanganya. Kijana mmoja anaitwa Delphin nilimfanya muuguzi. Mgonjwa nilimfanya Mama Eulalie.

Huyu Mama Eulalie ungempenda. Amefanya kazi ya usaidizi katika kituo kimoja cha afya miaka mingi kuliko ninavyofundisha, amepokea watoto ambao sasa ni wazazi, lakini hana diploma. Siku ya kwanza alipojitambulisha darasani alisema kila mwaka anawafundisha kazi vijana ambao mwaka unaofuata wanakuwa wakubwa zake, na amechoka, anataka karatasi yake kabla ya nywele zote kuwa nyeupe. Aliandika kila nilichosema. Nilichosema kwa mzaha pia aliandika.

Nilikuwa nimeona kwamba yeye na Delphin hukaa pembe mbili za darasa, na kwamba kijana akimpitishia karatasi humpa kwanza mtu wa kati. Nikadhani wamegombana. Nikajisemea, vizuri, leo mafunzo yangu yatawapatanisha.

Nikawaweka kwenye viti viwili, uso kwa uso, magoti karibu kugusana, mbele ya walimu wenzangu wote. Delphin alishika karatasi ya maswali na kutazama viatu vyake. Mama Eulalie alivuta kitenge hadi kwenye paji la uso na kugeuza mgongo. Darasa liliguna, nikalinyamazisha. Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi. Nikamwuliza kwa nini, akaikunja karatasi ya maswali. Nami, Mama, nikiwa na mzee wa hesabu anayetabasamu kule nyuma, nikapandisha sauti na kusema, "Kwa hospitali hakuna mama, hakuna baba, kuko mugonjwa tu." Nikawapa dakika mbili. Zikaisha mgongo ukiwa bado umegeuzwa. Nikatangaza sifuri kwa wote wawili, kwa kukosa moyo wa kazi.

Mama Eulalie alisimama polepole. Hakunitazama, alitazama ubao. "Prof, miye nilikuja kusoma. Sikukuja kuvuliwa nguo mbele ya bantu." Akakusanya madaftari yake, akayafunga kwa kitambaa, akatoka. Nikaendelea na somo. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu zaidi, kwamba niliendelea.

Jumapili yake nilikula kwa Yaya Feza, bukari na makobo, na nikalileta jambo lile kama malalamiko: wanafunzi wa siku hizi, ukiwapa kazi wanakasirika. Yaya Feza, aliyerithi tabia yako, aliacha kucheka kabla sijamaliza. Akaniuliza yule kijana alioa kwa nani. Nikasema mimi najuaje. Akasema nimwulize. Nikampigia Delphin simu palepale, mkono wa kulia ukiwa bado na bukari. Akajibu, "Prof, Mama Eulalie njo alizaa bibi yangu."

Mama mzazi wa mkewe! Nilisukuma sahani. Yaya Feza hakunigombeza kama ulivyokuwa ukifanya, hakupandisha hata nyusi. Alisema tu, "Na weye uko mutoto wa Mama." Shemeji Matanda alikuwa ameketi pale, mzee sasa, na akatoka nje. Nadhani alikwenda kucheka, lakini sina hakika.

Juma likapita bila Mama Eulalie. La pili pia. Kiongozi wa darasa aliniambia kwamba mama huyo amewaarifu wenzake kituoni kuwa shule basi, atafagia na kupokea watoto hadi kustaafu. Sikupata raha, Mama. Nilikuwa na mwongozo mnene mezani wa kumsalimu Mjapani nisiyemjua, na mwanamke wa Katuba, jirani yetu karibu, nilikuwa nimemfungia mlango aliougonga maisha yake yote.

Yaya Feza ndiye aliyesema twende. Sikwenda peke yangu, usiogope, hukulea mtu wa kwenda kuomba radhi kwa mdomo mtupu. Tulichukua kuku mweupe, na Yaya akavaa kikwembe, kitenge chake cha ndoa, akatangulia. Nyumba yao iko upande wa sokoni, ina baraza dogo na maua kwenye makopo. Mama Eulalie alitupokea vizuri mno. Akatoa viti, akatoa maji, akauliza habari za nyumbani. Ingekuwa rahisi kwangu kama angetukana.

Yaya alisema yaliyopaswa kusemwa. Alieleza sisi ni watoto wa nani, na kwamba kosa langu si la kutojua, ni la kusahau, na kusahau ni kubaya zaidi. Nami nikasema nimefuta sifuri. Hapo Mama Eulalie akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sifuri yako unaweza kuibakisha," alisema. "Miye nataka ufundishe ile somo ingine namna, juu mukwe wa mwingine asipate haya yenye nilipata."

Nikaahidi. Hakusema kwamba atarudi. Alisema ataona. Njiani Yaya Feza alinitia moyo kwamba kuku amebaki, na mtu asiyetaka kusamehe humrudisha kuku akiwa bado amefungwa miguu.

Nikaketi kazini, Mama, kama zamani uliponilazimisha kurudia hesabu za nyumbani. Mwongozo sikuutupa, una mambo mazuri, kosa lilikuwa kwa msomaji. Ulisema waziwazi kwamba mwalimu aanze na watu alio nao, na ukurasa huo nilikuwa nimeuruka ili nifike kwa Mjapani. Nikaandika upya somo lote. Kabla ya kupanga vikundi, kila mwanafunzi ananipa karatasi ndogo iliyokunjwa: nani humu ndani huwezi kuzungumza naye kwa uhuru, na tufanye nini. Sababu si lazima. Tena nikabadilisha jinsi ya kutoa pointi. Zamani muuguzi alipata pointi kwa kuuliza maswali yote. Sasa anapata pia kwa kujua swali lipi si lake kuuliza, na kwa kumtafuta mtu atakayeliuliza vizuri, kwa sababu mgonjwa lazima atibiwe, awe mkwe au asiwe. Nikamwomba Delphin ampelekee mkewe karatasi za somo jipya, naye ampe mama yake azisome. Hakuna jibu lililorudi.

Siku ya mafunzo mengine ikafika. Walimu waliketi, mzee wa hesabu mstari wa mbele safari hii, na mimi nikaanza kwa kuwaambia nilichofanya. Sikupamba. Niliwaambia kuhusu wewe na mashuka, na Baba na bei ya makala, na kwamba nililelewa ndani ya desturi hii na bado nilimpigia kelele mwanamke aliyekuwa akimheshimu mkwe wake. Nilikuwa bado nazungumza mlango ulipofunguliwa. Mama Eulalie aliingia na libaya, blauzi ya rangi ya machungwa, kikwembe kipya, madaftari kwapani. Alikuwa amechelewa na hakuomba radhi. Alichukua kiti, akakipeleka dirishani, akaketi akituonyesha mgongo. Akasema kwa dirisha kwamba mgonjwa amefika.

Delphin akasimama karibu na ubao. Kati yao kulikuwa na kiti kimoja, na kwa kuwa hakuna aliyekikalia, nikakikalia mimi.

Mama, nilibeba maneno. Delphin aliniambia nimwulize mgonjwa ana watoto wangapi na kama anataka wengine, nikamgeukia Mama Eulalie nikauliza. Mama Eulalie aliliambia dirisha kwamba swali hilo limeulizwa kavu sana na mjumbe alirudishe kwa muuguzi likapakwe mafuta. Nikalirudisha. Delphin akalipaka mafuta. Swali lililofuata likafika, jibu likarudi, na kila lilipopita kwangu walimu walizidi kucheka, na jasho lilinitoka, na Mama Eulalie mabega yalikuwa yanatikisika kule dirishani. Tulipofika kwenye mambo ya kitandani aliinua mkono. Alisema hapa mjumbe pia hafai, mjumbe ni mwanamume, na muuguzi mwenye akili angeshamwita mwanamke. Delphin akamwita mwanafunzi mwenzake wa kike, mimi nikafukuzwa kitini, na mazungumzo yakamalizika kwa kunong'ona kama inavyotakiwa. Kila swali lilipata jibu.

Kisha Mama Eulalie, bado akitazama nje, akatufundisha. Alieleza wanavyofanya kituoni kwake mkwe akija: nani anaitwa, alama gani inawekwa kwenye kadi ili mgonjwa asiulizwe tena mlangoni, na jinsi ya kumwambia mgonjwa kwamba hajakataliwa bali ameheshimiwa. Walimu wa chuo kikuu, wenye tai zao, walikuwa wanaandika kwa kasi. Kwa Mjapani hawakuandika hivyo.

Nilipouliza kama kuna la kuongeza, mzee wa hesabu alivua miwani yake ya uzi. Akasema kwa miaka mingi, akifundisha takwimu, humtaka kila mwanafunzi aseme mbele ya wenzake kwao wamezaliwa wangapi na wangapi wamebaki. Mwaka mmoja binti alijibu tu kwamba wako wengi. Akamrudia, akamtaka namba. Binti akalia, akaketi, na hakujibu swali lingine hadi mwisho wa mwaka. "Kwetu bantu habahesabiwake," alisema mzee. "Hata mama yangu alinikatazaka. Nilijua, na nilimuuliza." Sasa, akasema, atawahesabisha magunia ya makala. Nilitaka kumkumbusha habari ya hesabu kutokuwa na kabila, lakini niliona uso wake nikaacha. Baada yake mwingine akasema lake, na mwingine, na tulichelewa kula.

Mama Eulalie alibaki. Siku iliyofuata alikuwa kitini pake, Delphin pembe yake ya pili, na mtu wa kati akipitisha karatasi. Nilihisi furaha ambayo sikuihisi hata siku niliyopewa cheo. Mwaka huu anamaliza.

Nakukumbuka sana siku hizi, lakini si kwa machozi. Nakukumbuka nikiwa darasani, nikishangaa jinsi mlivyojua, wewe na Baba, bila karatasi ya mtu yeyote, kwamba ukitaka kuishi na mwenzako huna budi kuangalia kwanza anachoheshimu. Nimesoma miaka mingi na nimehitaji mama mwingine anifukuze kitini ili nilielewe. Usiniambie kwamba ulijua nitachelewa. Ulijua.

Nimalizie kwa hili. Mwisho wa mafunzo, wanafunzi nao hutupa sisi walimu alama, kwa karatasi zisizo na jina, na kila mwalimu huzisoma peke yake ofisini. Moja ilikuwa na jina. Chini ya maneno yasemayo usiandike jina, mtu alikuwa ameandika "Mama Eulalie" kwa herufi kubwa, na kulipigia mstari. Unajua utaratibu wetu: anayeanguka kwenye mtihani wa kwanza, première session, hupewa nafasi ya pili, deuxième session. Alikuwa ameandika mistari miwili tu. "Prof alianguka première session. Deuxième session amepita."

Nilifunga mlango wa ofisi nikacheka hadi nikalia, halafu nikachukua kalamu nikuandikie.

Nimepita, Mama.

Lala salama kwa Mungu, umsalimie Baba, umwambie asikuchokoze.

Mtoto wako wa mwisho